Namba 4,294,967,295 na Vigawo Vyake

Namba 4,294,967,295 ina tarakimu kumi, ni witiri, inaishia na 5, na jumla ya tarakimu zake ni 57. Mwanafunzi anayekumbuka kanuni za kugawanya ataona papo hapo kwamba inagawanyika kwa 5 na kwa 3, na kwamba haigawanyiki kwa 9. Kwa sura hiyo haina cha kuvutia. Hubadilika inapoandikwa katika kizio cha mbili, ambacho kina tarakimu 0 na 1 tu: hapo inakuwa moja thelathini na mbili mfululizo, bila sifuri hata moja kati yake. Sababu ni kwamba namba hii imepungua moja tu kuifikia 2³², yaani zao la mbili 32 zilizozidishwa pamoja. Ndiyo kubwa kuliko zote zinazoweza kuandikwa kwa nafasi 32 za kizio cha mbili, kama 9,999 ilivyo kubwa kuliko zote zenye tarakimu nne katika kizio cha kumi.

Njia ya kale ya kuifikia hupitia ubao wa sataranji. Katika hadithi ambayo Ibn Khallikan ni mmoja wa walioisimulia katika karne ya 13, mvumbuzi wa mchezo huo anamwomba mfalme punje moja ya ngano kwa mraba wa kwanza, mbili kwa wa pili, nne kwa wa tatu, na kuendelea hivyo kila mraba ukipata maradufu ya uliotangulia. Mraba wa 32 unapojazwa, yaani nusu ya ubao, jumla ya punje zote ni 4,294,967,295. Al-Biruni, katika kitabu chake cha tarehe za mataifa ya kale alichokiandika karibu na mwaka 1000, alitoa jumla ya ubao mzima: 18,446,744,073,709,551,615. Namba hiyo ni zao la 4,294,967,295 na 4,294,967,297. Kwa hiyo jumla ya nusu ya ubao ni kigawo kamili cha jumla ya ubao mzima, jambo ambalo hadithi yenyewe hailitaji. Hiyo namba ya pili, inayoishia na 7, itarudi baadaye, kwa kuwa ndiyo iliyomkosesha mwanahisabati Pierre de Fermat.

Siku hizi namba hii hukutwa zaidi ndani ya kompyuta. Mashine nyingi na mifumo mingi ilijengwa kuhifadhi namba kwa biti 32, na biti 32 zote zikiwa moja huwa ndiyo hiyo. Katika toleo la nne la itifaki ya intaneti, anwani huanzia 0 na kuishia 4,294,967,295, ambayo huandikwa 255.255.255.255. Akiba kuu ya anwani hizo iliisha tarehe 3 Februari 2011. Mfumo wa mafaili uitwao FAT32, uliomo katika flashi nyingi, huandika ukubwa wa faili kwa biti 32. Ndiyo maana filamu ndefu hukataliwa na flashi ambayo bado ina nafasi tele: faili haliwezi kuzidi baiti 4,294,967,295, na baiti moja ya ziada inatosha kulizuia. Saa ya kompyuta inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa biti 32 zisizo na alama ya hasi itafika ukingoni tarehe 7 Februari 2106, saa 3 na dakika 28 asubuhi na sekunde 15 kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata itasomeka sifuri. Katika hesabu ya namna hiyo, ambamo 2³² ni sawa na sifuri, namba hii hufanya kazi ya −1: ukiongeza moja unapata sifuri, na ukiizidisha kwa yenyewe unapata moja.

Hayo yote hutokana na urefu wake katika kizio cha mbili, na namba yoyote yenye moja tupu ingekuwa na mambo yanayofanana nayo. Kinachoitenga 4,294,967,295 na nyingine za aina yake ni vigawo vyake.

Ufunguo wa vigawo hivyo hufundishwa shule ya sekondari: tofauti ya vipeo viwili vya pili ni zao la jumla na tofauti ya namba zenyewe. Kwa kuwa 2³² ni kipeo cha pili cha 2¹⁶, yaani cha 65,536, basi 2³² − 1 ni 65,537 × 65,535. Namba ya pili nayo ina umbo lile lile, kwa hiyo hugawanywa kwa njia ile ile: 65,535 ni 257 × 255. Kisha 255 ni 17 × 15, na 15 ni 5 × 3. Hapo kazi inaisha:

4,294,967,295 = 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537

Vigawo vyote vitano ni namba tasa, na kila kimoja kimezidi kwa moja kipeo cha mbili: 2 + 1, 4 + 1, 16 + 1, 256 + 1, 65,536 + 1. Hakuna kinachojirudia. Kwa hiyo namba hii haigawanyiki kwa kipeo cha pili cha namba yoyote iliyo kubwa kuliko 1. Jumla ya vigawo vyake, tasa na visivyo tasa, pamoja na 1 na namba yenyewe, ni 32, kwa maana kila kimoja kati ya vitano vya msingi ama huchukuliwa ama huachwa. Vigawo hivyo 32 vikijumlishwa hutoa 7,304,603,328. Namba yenyewe ikiondolewa hubaki 3,009,636,033, ambayo haifikii namba iliyoanza. Wagiriki wa kale wangeiweka katika kundi la namba pungufu, mbali na namba kamilifu kama 6 na 28.

Mgawanyo huo huonekana kwa macho katika kizio cha mbili. Namba ikigawanywa kwa 3 hutoa 1,431,655,765, ambayo biti zake ni 01 iliyorudiwa mara 16. Ikigawanywa kwa 5 hutoa 858,993,459, yenye 0011 mara nane. Kwa 17 hutoa 252,645,135, yenye sifuri nne na moja nne, mara nne. Kwa 257 hutoa 16,711,935, yenye sifuri nane na moja nane, mara mbili. Kwa 65,537 hutoa 65,535, yaani sifuri 16 zikifuatwa na moja 16. Waandishi wa programu wanazifahamu namba hizi tano kwa sababu nyingine kabisa. Huzitumia kama vichujio vya kuhesabu ni moja ngapi zimo katika namba ya biti 32: kwanza biti hujumlishwa mbili mbili, kisha nne nne, nane nane, kumi na sita kumi na sita, na mwishowe zote. Wengi wao hawana haja ya kujua kwamba kila kichujio ni 4,294,967,295 iliyogawanywa kwa namba tasa, lakini ndivyo kilivyo.

Hatua inayofuata inahitaji kipimo kilichoasisiwa na Leonhard Euler katika karne ya 18. Kwa namba yoyote nzima huulizwa: kuanzia 1 hadi namba hiyo, ni ngapi zisizoshirikiana nayo kigawo chochote isipokuwa 1? Kwa 15 jibu ni 8, nazo ni 1, 2, 4, 7, 8, 11, 13 na 14. Kwa namba tasa jibu ni namba hiyo ukiondoa moja, na kwa zao la namba tasa tofauti majibu ya kila moja huzidishwa. Hapa basi hupatikana 2 × 4 × 16 × 256 × 65,536. Hizo ni 2 iliyopandishwa kwa 1, 2, 4, 8 na 16, na jumla ya vipandisho hivyo ni 31. Jibu ni 2³¹, yaani 2,147,483,648.

Matokeo hayo si ya kawaida. Kwanza, ni nusu kamili ya 4,294,967,296, yaani nusu ya namba yenyewe iliyoongezwa moja. Namba zenye sifa hiyo ni adimu. Miongoni mwake ni 3, 15, 255 na 65,535, ambazo ni ndugu wa moja kwa moja, na 83,623,935, ambayo ni 3 × 5 × 17 × 353 × 929 na haimo katika mfuatano huo. Pili, namba inayofuata, 2³², nayo ina jibu lile lile, kwa kuwa kati ya 1 na 2³² namba zisizoshirikiana nayo kigawo ni witiri zote, na hizo ni 2³¹. Jirani wawili, mmoja mwenye vigawo tasa vitano tofauti na mwingine asiye na kigawo tasa zaidi ya 2, hupimwa na kuonekana sawa. Tatu, na ndilo lenye uzito zaidi, jibu hilo ni kipeo cha 2.

Kabla ya kufika kwenye uzito huo, sifa moja ndogo itajwe kwa haraka. Moja ikigawanywa kwa 4,294,967,295 na kuandikwa kwa desimali, baada ya nukta huja tarakimu moja isiyorudia, kisha kundi la tarakimu 65,536 linalojirudia milele. Hiyo tarakimu moja ya mwanzo inasababishwa na kigawo 5; urefu wa kundi unasababishwa na 65,537. Katika kizio cha mbili desimali hiyo ni nyepesi ajabu: sifuri 31 na moja, sifuri 31 na moja, bila mwisho.

Uzito wenyewe uko katika jiometria. Wagiriki walijua kuchora ndani ya duara, kwa bikari na rula isiyo na vipimo, poligoni sawia zenye pande tatu, nne, tano na kumi na tano, pamoja na zinazopatikana kwa kuzigawa pembe zake nusu kwa nusu. Kwa muda wa zaidi ya miaka elfu mbili hakuna aliyeongeza jipya. Tarehe 30 Machi 1796 Carl Friedrich Gauss, akiwa hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba poligoni ya pande 17 nayo huchoreka. Katika kitabu chake Disquisitiones Arithmeticae cha mwaka 1801 alieleza sharti la jumla. Poligoni yenye idadi ya pande iliyo witiri huchoreka ikiwa idadi hiyo ni zao la namba tasa tofauti zinazozidi kwa moja vipeo vya 2. Kwa lugha ya kipimo cha Euler, jibu lake liwe kipeo cha 2. Kwamba nje ya sharti hilo haiwezekani kabisa, Gauss alilitangaza bila kuchapisha uthibitisho. Uthibitisho ulitolewa na Mfaransa Pierre Wantzel mwaka 1837.

Namba tasa za aina hiyo zinazojulikana ni tano tu: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Kwa hiyo poligoni za pande witiri zinazojulikana kuchoreka ni 31, moja kwa kila kigawo cha 4,294,967,295 isipokuwa 1, na iliyo kubwa kuliko zote ni yenye pande 4,294,967,295. Vigawo vyake vyenyewe vimewahi kufanyiwa kazi kimoja kimoja. Friedrich Julius Richelot alichapisha ujenzi wa poligoni ya pande 257 mwaka 1832. Johann Gustav Hermes alitumia takriban miaka kumi kwa ile ya pande 65,537 na kuikamilisha mwaka 1894. Maandiko yake yamehifadhiwa Göttingen. Ni kazi ambayo thamani yake kwa hisabati inaweza kubishaniwa, maana kilichohitajika kuthibitishwa kilikwisha kuthibitishwa, lakini hakuna anayebisha kuhusu subira iliyotumika.

Aliye nazo tayari hizo tano hahitaji mbinu mpya ili kupata zilizobaki. Theluthi mbili za duara ukiondoa sehemu tatu kati ya tano hubakisha moja ya kumi na tano: 2/3 − 3/5 = 1/15. Vivyo hivyo 8/15 − 9/17 = 1/255, na 128/255 − 129/257 = 1/65,535. Hatua ya mwisho ni 32,768/65,535 − 32,769/65,537, na baki yake ni 1/4,294,967,295 kamili. Mtu aliyekwisha kuchora poligoni ya pande 65,535 na ya pande 65,537 katika duara moja angehesabu sehemu 32,768 za ile ya kwanza na 32,769 za ile ya pili, na pengo kati ya nukta hizo mbili lingekuwa upande mmoja wa poligoni kuu.

Kwa karatasi hilo haliwezekani. Kama duara lingekuwa ikweta yenyewe, inayokata Uganda na Kenya na kupita karibu na Nanyuki, kila upande ungekuwa na urefu wa milimita 9.3 hivi. Na katikati ya kila upande, tao la ikweta lingejitenga na mstari ulionyooka kwa umbali mdogo mara nyingi kuliko upana wa atomu moja. Hakuna kifaa ambacho kingeitofautisha poligoni hiyo na duara. Hata hivyo kimahesabu tofauti ipo na ni kubwa: poligoni ya pande 4,294,967,295 huchoreka, ilhali ya pande saba, ambayo mtoto angeikadiria kwa jicho, haichoreki.

Vigawo 32 vya namba hii hujitokeza pia mahali pasipotarajiwa, katika pembetatu ya Pascal, ambayo wanahisabati wa Uajemi na Uchina waliijua karne nyingi kabla ya Pascal. Kila namba ndani yake ni jumla ya mbili zilizo juu yake. Ikiwa kila namba shufwa itaandikwa 0 na kila witiri 1, mistari huwa 1, 11, 101, 1111, 10001, 110011, 1010101, 11111111. Isomwe kama namba za kizio cha mbili: 1, 3, 5, 15, 17, 51, 85, 255. Ni vigawo vya 4,294,967,295 kwa mpangilio wao kuanzia kilicho kidogo, bila kuruka hata kimoja. Mistari 32 ya kwanza hutoa vigawo vyote 32, na mstari wa 32, wenye moja tupu, ni namba yenyewe.

Sababu haimo katika bahati. Mistari ikihesabiwa kuanzia sifuri, mstari wa 1, wa 2, wa 4, wa 8 na wa 16 huwa na moja mwanzoni na mwishoni tu, sifuri zikiwa katikati. Hizo ni 3, 5, 17, 257 na 65,537. Mstari mwingine wowote kati ya hiyo 32 ni zao la namba hizo, kwa kadiri namba ya mstari inavyogawanyika katika vipeo vya 2. Mstari wa 5, kwa kuwa 5 ni 4 + 1, hutoa 17 × 3, yaani 51. Mstari wa 31, kwa kuwa 31 ni 16 + 8 + 4 + 2 + 1, huzidisha zote tano. Baada yake mstari wa 32 huanza tena na moja, sifuri 31, na moja, nao ni 4,294,967,297.

Hapo ndipo Pierre de Fermat alipokosea. Katika barua za mwaka 1640 mwanasheria huyo wa Toulouse alieleza imani yake kwamba kila namba ya mfuatano huu ni tasa: 3, 5, 17, 257, 65,537, kisha 4,294,967,297, na kuendelea bila kikomo, kila moja ikipatikana kwa kupunguza moja katika iliyotangulia, kuzidisha kinachobaki kwa chenyewe, kisha kuongeza moja. Hakuwa na uthibitisho, naye alikiri hivyo. Christian Goldbach alimkumbusha Euler jambo hilo mwaka 1729, na mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba 4,294,967,297 ni 641 × 6,700,417.

Euler hakubahatisha. Alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo lazima kizidi kwa moja kigawe cha 64. Zinazofaa kujaribiwa kwa utaratibu huo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641: jaribio la tano. Hata uthibitisho wa kwamba 641 inagawanya unaweza kufanywa bila kugawanya. Namba 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Kwa hesabu ya baki za 641, sentensi ya kwanza husema 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ikipandishwa kwa kipeo cha nne, 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Sentensi ya pili husema 5⁴ ni sawa na −2⁴. Ikiingizwa badala yake, −2³² ni sawa na 1, yaani 2³² + 1 haina baki. Mstari mmoja wa hesabu ulitosha kuiangusha dhana iliyodumu zaidi ya miaka tisini, na mtu hushangaa kwamba Fermat mwenyewe, aliyekuwa na mbinu za karibu sana na hizo, hakulifikia jaribio hilo la tano.

Kosa hilo ndilo linaloifanya 4,294,967,295 kuwa ya mwisho yenye sifa hizi katika mfuatano wake. Namba 3, 15, 255, 65,535 na 4,294,967,295 hupatikana kila moja kwa kuizidisha iliyotangulia kwa yenyewe iliyoongezwa mbili. Ya sita ni ile ya ubao mzima wa sataranji. Lakini ya sita ina vigawo 641 na 6,700,417. Kipimo cha Euler juu yake si kipeo cha 2, si nusu ya namba iliyoongezwa moja, na poligoni ya idadi hiyo ya pande haichoreki. Mistari ya pembetatu ya Pascal kuanzia wa 32 nayo haitoi tena poligoni zinazochoreka hadi hapo itakapopatikana namba nyingine tasa ya Fermat.

Kupatikana kwake kunategemea kazi inayoendelea hadi sasa. Mwaka 1877 Théophile Pépin alitoa kipimo kinachoamua kama namba ya Fermat ni tasa bila kutafuta vigawo vyake. Kwa kipimo hicho na kwa kutafuta vigawo, namba zote kuanzia ile ya Euler, iitwayo F₅, hadi F₃₂ zimekwisha kuthibitishwa kuwa si tasa. Mbili kati yake, F₂₀ na F₂₄, zinajulikana kuwa si tasa ilhali hakuna kigawo chake hata kimoja kilichopatikana. Ya kwanza isiyojulikana hali yake ni F₃₃, yenye tarakimu zaidi ya bilioni mbili na nusu. Ikiwa itathibitika kuwa tasa, poligoni kubwa ya pande witiri inayojulikana kuchoreka itakuwa na pande 4,294,967,295 zikizidishwa kwa namba hiyo, na idadi ya poligoni hizo itapanda kutoka 31 hadi 63.